Kuomba Jua Shela

Katika kanisa letu hapa Merigi haipiti Jumapili bila mtu kusimama na kuzungumza na Mungu habari za hali ya hewa. Januari na Februari, jua linapoyachoma majani ya chai hadi kingo zake zikawa na rangi ya kutu, tunaomba mvua. Ikinyesha, tunashukuru. Ikianguka ya mawe na kupukutisha vichipukizi vyote kwa robo saa, tunaomba rehema, na jirani ambaye wingu lilimpita pembeni anasimama kutoa ushuhuda kwamba Bwana amemwona. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkulima wa chai na mzee wa kanisa, na dua hizo zote nimeziomba kwa moyo wangu wote. Ila ushuhuda wa jirani huyo unanisumbua. Ikiwa Mungu ndiye aliyelipitisha wingu kando ya shamba lake, ni nani basi aliyelielekeza shambani kwangu?

Siulizi ili kuichokoza imani ya mtu. Nauliza kwa sababu naamini Mungu anasikia, na anayeamini hivyo hana budi kuyapima maneno yake kabla ya kuyatamka. Asiyeamini anaweza kuomba chochote, kwa kuwa kwake hakuna kitakachotokea.

Huku kwetu hali ya hewa si mazungumzo ya kupitisha wakati. Kericho na vilima vinavyoizunguka huhesabiwa miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Mchana upepo wa Ziwa Victoria unapanda na kukutana na upepo wa mashariki juu ya milima yetu, mawingu yanarundikana kwenda juu, na ikifika saa tisa au saa kumi anga limekuwa jeusi. Katika miaka ya 1960 na 1970 wenye mashamba makubwa ya chai walijaribu kupambana na mawingu hayo, kwanza kwa roketi, baadaye kwa ndege zilizochoma dawa yenye madini ya fedha ndani ya wingu ili mawe yasikue. Baba yangu alikuwa mchumaji katika mojawapo ya mashamba hayo. Alitusimulia kwamba wanakijiji wa karibu walinung'unika: mvua yetu inafukuzwa. Kama ilifukuzwa kweli au la, mimi naiona hoja iliyomo ndani ya manung'uniko yale. Wingu huwa juu ya watu wengi. Anayelishika kwa ajili yake, kwa roketi au kwa dua, amewashikia na wengine wasiokuwepo kwenye mkutano.

Mei 2024 binti yangu, anayefanya kazi Nairobi, alitaka nipumzike. Alinilipia siku chache katika nyumba ya wageni kijijini Shela, kisiwani Lamu. Mwezi huo bei hushuka. Kusi limeanza, masika hayajaisha, hoteli nyingi za Shela hufunga milango hadi Julai, na nyumba zilizobaki wazi hupatikana kwa bei nafuu. Binti aliona bei. Mvua hakuifikiria sana. Yeye hakuwa amepata likizo kwa muda mrefu, na mimi sikuwa nimewahi kukanyaga mchanga wa pwani.

Barabara ya kwetu kwenda Nairobi hupita Narok, kisha Mai Mahiu. Tulipofika pale, matatu ilinyamaza. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli ya zamani upande wa Kijabe, mahali ambapo kalvati ilikuwa imeziba, yalivunja tuta na kushuka juu ya watu waliolala. Waliokufa walikuwa zaidi ya 40. Tulipita tukiona mawe makubwa yaliyobiringishwa hadi penye nyumba, mabati yaliyokunjwa, na tope lililokauka likiwa na alama ya kimo chake kwenye shina la mti. Abiria mmoja mwanamume alivua kofia yake.

Nami nilikumbuka kwamba wiki ileile ya msiba, kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kimemshukuru Mungu kwa mvua. Chai ilikuwa imechipua kuliko miaka mingi, vikapu vilikuwa vinajaa kabla ya saa nne, na gari la kiwanda lilikuwa likirudi kituoni mara ya pili. Tulishukuru kwa haki, kwa kuwa karo za watoto zinatoka katika majani yale. Lakini msimu wa mvua ulikuwa mmoja, na mawingu ya Bonde la Ufa hayajui mpaka wa kaunti.

Kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, tuliruka kwa ndege ndogo. Kabla mawingu hayajafunga niliuona Mto Tana, na haukuwa mto tena. Ulikuwa uwanja wa maji ya kahawia, vichwa vya miembe vikijitokeza na paa moja moja. Maji ya Tana hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, na kule nako ni nchi ya chai: Nyeri, Kirinyaga, Murang'a. Wakulima wenzetu wa huko walikuwa wameomba mvua Februari kama sisi, wakajibiwa kama sisi, na jibu lao likateremka mamia ya kilomita hadi Garissa, Hola na Garsen. Sitaki kusema kwamba mafuriko ni ubaya mtupu. Wapokomo wamelima mpunga na migomba kandokando ya mto huo tangu zamani kwa kufuata maji yanavyopanda na kushuka, na Waorma hulisha ng'ombe wao kwenye nyasi inayoota maji yakiondoka. Mto usipofurika, nao huko chini wanalia. Mwaka ule mto ulipita kiasi, na watu waliishia kwenye kambi za waliohama makwao.

Mwisho wa safari ndege ilitua kisiwani Manda katikati ya dhoruba. Mvua ilikuwa ikija imelala, upepo wa kusi ukiisukuma kutoka baharini, na mkondo ulio kati ya Manda na Lamu ulikuwa na mawimbi meupe. Nahodha wa boti alituambia bahari ni chafu, tungoje. Tulisimama chini ya kibanda cha makuti, mizigo ikiwa imefunikwa kwa turubai. Binti alikuwa amewaandikia akina mama wa Merigi kwa simu, na majibu yalianza kuingia moja baada ya jingine: tunakemea mvua hiyo, tunawaombea jua, Mungu atalifungua anga. Wanawake waliokuwa wakiandika hayo nawajua. Walikuwa wamesimama kwenye tope la shamba, wakiwa wamefunga karatasi ya nailoni kiunoni, wanachuma. Waliniombea jua kwa upendo wa kweli.

Upepo ulipotulia kidogo nahodha akaita. Alituvalisha majaketi ya kuokolea yeye mwenyewe, akakaza kamba za langu mara mbili, akatukalisha chini katikati ya boti badala ya kwenye ubao. Alitaja jina la Mungu akiwasha mashine, kisha hakusema neno tena hadi gati la Shela. Jicho lake halikutoka kwenye maji ya mbele. Kila wimbi lilipokuja alipunguza moto, akaligeuzia omo, likapita chini yetu, akaongeza moto. Pwani hii inajua gharama ya kuvuka wakati usiofaa. Julai 2012 meli ya MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipinduka karibu na Chumbe siku ya upepo mkali na watu wengi wakafa. Nahodha wetu alikuwa na dua yenye sehemu tatu: kungoja, kutaja jina la Mungu, na kuushika usukani. Kwangu mimi hiyo ni theolojia kamili kuliko nyingi nilizozisikia kwenye mimbari.

Mama mwenye nyumba, mtu wa rika langu, alitupokea mlangoni akiwa amelowa hadi mabegani. Hakuwa ametoka kutungoja sisi. Alikuwa juu ya paa akizibua mfereji wa maji kwa kipande cha mti, ili mvua iingie kwenye birika la uani badala ya kumwagika uchochoroni. Ndoo na masufuria yalikuwa yamepangwa chini ya kila tone. Alitushika mikono.

"Mumekuja na kheri, mamaangu," akaniambia. "Maji ya visima yalishaanza kuonja chumvi."

Wakati wa kahawa ya tangawizi alinieleza, naye alieleza vizuri kama mwalimu. Nyuma ya ufuo wa Shela, ule ambao binti yangu alikuwa ameuona kwenye picha, pana vilima vya mchanga. Vilima hivyo ndivyo vinavyoinywesha Lamu. Mvua inapenya mchangani na kukaa huko chini, maji matamu yakielea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi, na visima vya mji vinayateka hapo. Kiangazi kikirefuka, au watu wakiyavuta kupita kiasi, chumvi inapanda. Ndiyo maana wenyeji wamepigania sana mtu asijenge hoteli juu ya mchanga ule. Hakuna mto kisiwani. Kinachonywewa Lamu ni kile kilichoanguka juu ya Lamu.

Binti yangu aliweka kikombe chini. Simu yake ilikuwa bado inaita kwa ujumbe wa akina mama. "Mama," akasema, "sasa tuombe nini?"

Nimefundisha watoto miaka mingi na sijaulizwa swali zuri kuliko hilo. Lile jua tulilokuwa tukiombewa lingekuwa chumvi katika kikombe cha mwenyeji wetu.

Mume wa mama yule, mzee mpole aliyekuwa amerudi kutoka msikitini, alilisikia swali akalijibu kwa kisa. Mtume Muhammad, alisema, alikuwa akihutubu siku ya Ijumaa huko Madina. Mtu akaingia akalia kwamba wanyama wanakufa kwa ukame, amwombe Mungu. Mtume akainua mikono, mvua ikanyesha, ikanyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata mtu akasimama tena: nyumba zinabomoka, njia zimekatika, mwombe aizuie. Mtume hakuomba izuiwe. Aliomba iwe pembezoni mwao isiwe juu yao, iende kwenye vilima, kwenye mabonde na penye mizizi ya miti.

Mimi ni Mkristo na nitakufa Mkristo, lakini kisa hicho nimekichukua na sitakirudisha. Dua ile haifungi mbingu. Inakubali kwamba mvua ni rehema hata inapoangusha ukuta wangu, na inaitafutia mahali. Tena mahali penyewe ni vilimani penye miti. Nilimwambia mzee, "Basi mnatuombea sisi wa milimani." Akacheka akasema, "Nanyi mtuletee majani."

Usiku radi ilinguruma juu ya Manda nikamkumbuka bibi yangu. Alibatizwa akiwa mtu mzima, na yale ya kale hakuyasahau. Wazee wetu Wakipsigis walimwomba Asis, ambaye jua ni alama yake, wakielekea mashariki. Na walisema habari za Ilat, wa radi, kwamba wako wawili, mwema na mbaya. Radi inayopasuka juu ya kichwa chako ni ya yule mbaya anayetaka kushuka kuua. Ile inayonguruma kwa mbali ni ya mwema anayemzuia. Nilipokuwa mtoto iliniliwaza. Nikiwa mtu mzima naona tatizo lake. Radi iliyo mbali nami iko juu ya paa la mtu mwingine. Yule mwema ninayemsikia mimi, kwake ndiye anayeua. Tumeacha majina ya Ilat, ila kule kupanga wema na ubaya kwa umbali kutoka kwenye paa letu hatujaacha. Tumekuhamishia kwenye ushuhuda wa Jumapili.

Historia ya pwani hii ina mfano mmoja ambao ningetamani wahubiri wote waujue. Tarehe 15 Aprili 1872, Sultani Barghash akiwa hajatimiza miaka miwili kwenye kiti, kimbunga kiliipiga Unguja. Vyombo vilizama bandarini na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa iling'oka. Pemba, iliyo karibu hivyo, ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kwa hiyo bei ikapanda, watu wakapanda miche Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi kuliko Unguja. Mwenye shamba wa Pemba aseme nini katika sala ya Ijumaa baada ya hapo? Akinyamaza, hana shukrani. Akisema Mungu amempendelea, amesema pia kwamba Mungu aliwachukia ndugu zake wa ng'ambo ya mkondo. Tena tusisahau ni akina nani waliochuma karafuu hizo, pande zote mbili: watumwa, walioletwa kwa vyombo kama vile vilivyozama. Kwa mtumwa wa Pemba, kunusurika kwa mikarafuu kulimaanisha kazi zaidi chini ya nyapara. Ukiifuata baraka ya mtu hadi mwisho wake, mara nyingi unakuta mgongo wa mtu mwingine.

Siku iliyofuata mvua haikukatika. Tulikaa barazani, nikasoma Matendo ya Mitume, sura mbili za mwisho. Sijui kwa nini hatuzihubiri sana. Watu 276 wanavunjikiwa na meli na kufika kisiwani Malta wakiwa wamelowa. Wenyeji, ambao hawajui Paulo ni nani wala anaabudu nini, wanawasha moto kwa sababu ya mvua na baridi. Paulo anaokota kuni, nyoka anamning'inia mkononi, na wenyeji wanahukumu: huyu ni mwuaji, bahari imemkosa, haki imempata. Asipokufa wanageuza hukumu: huyu ni mungu. Mara zote mbili wamekosea. Tukio lilisomwa kama hati ya mashtaka, kisha likasomwa kama cheti cha sifa, na halikuwa lolote kati ya hayo. Walichofanya sawasawa ni ule moto. Katika sura zote mbili sioni mahali Paulo anaambiwa maana ya dhoruba. Anaambiwa kwamba watu wataokoka, na yeye mwenyewe anaonya kwamba mabaharia wasitoke chomboni.

Hapo ndipo ninaposimama. Mvua siisomi tena kama barua iliyoandikiwa mimi, ya hasira wala ya mapenzi. Namwomba Mungu juu yake, kwa kuwa Yeye ni Bwana wake, lakini ninapoomba nataka kumjua mtu aliye chini yangu kwenye mto na mtu aliye ng'ambo ya kilima. Na mahali ambapo kalvati ilikuwa imeziba, sitaki mtu yeyote aniambie ni mapenzi ya Mungu. Maji yalikuwa yakifanya kazi yake ya kushuka. Kuzibua ilikuwa kazi yetu. Mama wa Shela, na kile kipande chake cha mti juu ya paa, angelielewa hilo bila mahubiri. Maneno ya faraja yanayomtwika Mungu uzembe wa wanadamu ni kufuru, hata yakisemwa kwa machozi kwenye mazishi, na nimeyasikia mno.

Kuna jambo moja ambalo hoja yangu hailifikii. Mtoto aliyelala Mai Mahiu hakuziba kalvati wala hakuomba mvua. Kwake sina neno, na wanaoniambia wanalo huwa natazama kama wamewahi kumzika mtoto.

Tuliporudi Merigi ilikuwa zamu yangu kuongoza maombi. Niliomba kwa ajili ya mvua, isimame penye mizizi. Niliwataja wa Mai Mahiu, wa Garsen, na wa Shela na visima vyao. Kisha nikaufuata mto wetu. Maji ya Nyangores hupita Tenwek na Bomet, yanaungana na Amala kuwa Mara, yanavuka Maasai Mara na Serengeti, na kuingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Nikawaombea wanaolima na kuvua kwenye mdomo wa mto ule, wanaopokea kila tunachoachilia, pamoja na udongo wetu tunapolima hadi kingoni.

Baada ya ibada mzee mmoja alinisimamisha nje. "Mwalimu," akasema, "umewaombea Watanzania hadi mahindi yetu yakasahaulika. Mungu ana watu wa kila mahali wa kuwaombea watu wa huko. Sisi ametupa hapa." Nilimjibu kwamba yeye mwenyewe ana mahindi hatua chache kutoka ukingo wa Nyangores, na kwamba sehemu ya shamba lake iko Tanzania tayari. Hakukubali. Alisema anayeombea kila mtu hamwombei yeyote, na hoja hiyo si nyepesi. Bado naifikiria ninapochuma. Tumekubaliana ailete kwenye somo la Biblia Jumatano, na mimi nilete ile meli ya watu 276.